Mlinzi wa Lango Aliyeulizwa Jina

Mimi nilikuwepo. Nianze na hapo, maana kuna watu pale mtaani Maraba wanaoisimulia habari hii kama wao ndio walioiona, na jioni ile walikuwa wamejifunika blanketi mpaka utosini. Mimi niliona kwa macho haya mawili. Chumba changu na cha Khisa vilitenganishwa na ukuta usiofika juu, ukaacha nafasi ya kichwa cha mtu chini ya mabati, na mimi nilijaliwa kitanda kirefu na shingo isiyo na adabu. Nilisimama juu ya kitanda tangu mwanzo mpaka mwisho. Yaliyokuwa moyoni mwa Khisa alinieleza mwenyewe baadaye, mimi peke yangu, kwa kuwa alijua ni nani anayeweza kutunza siri.

Ilikuwa miaka ya tisini, majira ya mvua. Mvua ya Kakamega ina tabia yake: asubuhi jua, mchana joto, alasiri radi. Siku ile radi ilipiga upande wa msituni, taa za stima zikapotea mji mzima. Giza lilipoanza kuingia Jescah akamtuma mumewe, Khisa, dukani.

"Mafuta ya taa," alimwambia, "na dawa ya tumbo ya mtoto. Na usisimame na watu."

Khisa alikuwa karani wa duka la misumari na mabati, kijana mpole, mwenye kichwa kilichojaa hadithi. Alitoka akiwa ameshika chupa tupu, na kilio cha mtoto kikamsindikiza mpaka barabarani.

Mtoto yule, wa kiume, alikuwa hajapata jina. Alikuwa akilia, na si kilio cha tumbo, hata kama Jescah alijipa moyo na dawa. Kwetu mtoto akilia namna ile tunajua kuna marehemu wa ukoo anayetaka kurudi kuitwa. Basi majina ya wafu hutajwa moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake, na mwenye jina ndiye atakayemlinda, ndiye atakayetembea naye. Khalayi, mama yake Khisa, alikuja kutoka Lugari kwa kazi hiyo. Alitaja wazee wa upande wa baba. Akataja wa upande wa mama. Akafika hata kwa mjomba aliyeenda vita vya Burma asirudi. Mtoto alilia tu. Khalayi akafunga mzigo wake akasema hakuna mwingine.

Alidanganya. Mwingine alikuwepo.

Alikuwepo ndugu ya babu yake Khisa, aliyemkata ndugu yake mwingine kwa panga pamoja na mkewe, kisa mpaka wa shamba, kisha akajinyonga kwenye mti nyuma ya ghala. Mtu wa kamba haliliwi. Walimkata kamba, wakaichapa maiti yake kwa fimbo ili iogope kurudi, wakamfukia gizani bila wimbo, wakauchoma mti ule mpaka mizizi. Na jina lake likafungwa, lisitajwe tena. Khisa alilisikia mara moja tu maishani, siku baba yake alipolewa, na mama yake alimziba baba mdomo kwa kiganja.

Sasa. Khisa anarudi na chupa yake ya mafuta. Mvua imepungua, imebaki ile ya kunyunyiza. Akafika penye mkaratusi ulioinama, akaona mtu amesimama kando ya njia, amejifunika gunia kichwani kama wanavyofanya watu wa shamba mvua ikiwakuta. Uso hauonekani.

"Mulembe," yule mtu akasalimu.

"Mulembe," Khisa akaitika.

"Mtoto bado analia?"

Sauti kavu. Kama ya mtu mwenye kitambaa kilichobana shingoni.

"Bado, mzee."

"Wamemaliza majina?"

"Wamemaliza."

Yule mtu akacheka kidogo... hee, hee... kisha akasema polepole, "Hawajamaliza."

Khisa alisikia harufu. Mkonge uliolowa. Na moshi wa mti mbichi unaoungua, na hapakuwa na moto popote. Akatazama chini asimtazame yule mtu usoni, akaona miguu yake haikanyagi vizuri. Vidole vilielekea chini, kama vya mtu aliyening'inizwa.

Hakukimbia. Alisema hakukimbia. Mimi nilimwona akiingia uani, na viatu vyake havikuwa miguuni.

Nyumbani alikuta wageni wake wamefika, kwa kuwa siku ile ilikuwa ya mchezo. Nieleze mchezo wenyewe, nisije nikamwacha mtu njiani. Kipruto, aliyekuwa akiongoza wageni msituni pale Isecheno, alipewa kisanduku na Mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza nyani. Ndani mlikuwa na kete ya ajabu yenye pande ishirini. Watu huketi mezani. Mmoja ni msimulizi, ndiye anayetunga hadithi: mmefika mtoni, kuna daraja, kuna adui. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na husema mtu wake anafanya nini. Kete inarushwa. Namba kubwa, jambo linafaulu. Namba ndogo, linaharibika. Na kanuni moja Khisa aliisisitiza tangu mwanzo: mchezaji akisema mtu wake anafanya jambo, liwe la kijinga namna gani, msimulizi hana ruhusa ya kulikataa. Lazima ajibu.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomtesa. Maana Khisa alikuwa akikesha kutunga hadithi zilizonyooka, na wale rafiki zake hawakuwahi kufuata hata moja. Juma lililopita aliwatuma wakamwokoe binti wa mfalme. Walifika ngomeni wakakuta jikoni kuna ng'ombe mzima. Ochieng, aliyekuwa mchinjaji sokoni, na mtu wake Jenerali Ugali, akafungua bucha palepale. Beldina, fundi wa nguo, na mtu wake Malkia Sindano, akaanza kuwashonea maadui sare mpya. Binti wa mfalme amefungwa mpaka leo. Na huyu Ochieng alikuwa mbaya zaidi ya wote: adui akija na mkuki, yeye anauliza kama amekula.

"Leo umetutungia nini, msimulizi?" Ochieng aliuliza, akining'iniza koti lake msumarini. "Kama ni mfalme amepotea tena, mimi simtafuti. Mtu mzima, atajua njia ya kwao."

"Leo mfuate hadithi," Khisa alisema. Njiti mbili zilimzimikia kabla taa haijawaka. "Nawaomba. Mara hii moja."

"Sisi tunafuatanga," Beldina akasema. "Ni hadithi yako inapotea njia."

Nyuma ya pazia, kitandani, Jescah alikuwa akimtikisa mtoto. Ndiye aliyetaka waje, alisema sauti za watu ni nafuu kuliko kilio peke yake. "Shemeji Ochieng," akaita, "ukimfanya mtoto alie zaidi nakutoa na mwiko."

"Shemeji, huyu hawezi kulia zaidi. Amefika mwisho wa barabara."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka huko juu, nikaziba mdomo.

Khisa akaanza. Mji wa mawe, lango la chuma, hazina ndani. Lakini kichwa chake hakikuwepo. Alipofika langoni alihitaji mlinzi, na picha moja tu ilikuwa mbele ya macho yake.

"Kuna mlinzi," akasema. "Amejifunika gunia. Hasemi neno. Lango liko wazi, mnapita."

Beldina akainua mkono. "Ngoja. Mimi sipiti mbele ya mtu mzima kama ng'ombe. Malkia Sindano anamsalimu, anamwuliza: baba, unaitwa nani?"

"Hana jina. Ni mlinzi tu."

"Kila mtu ako na jina."

"Beldina, huyu hana kazi yoyote kwenye hadithi! Lango liko wazi, piteni!"

"Ehee!" Ochieng akapiga meza. "Hajamtungia! Mnamwona anavyotoa jasho? Kanuni ni kanuni, ndugu yangu. Umeulizwa, jibu."

Khisa alifungua kinywa ataje jina lolote. Aliniapia alitaka kusema Juma.

"Sirengo," akasema.

Mtoto akanyamaza.

Ghafla. Kama taa iliyopulizwa. Mkasikika maji yakidondoka kutoka kwenye mabati, tone... tone...

"Baba Mtoto," Jescah akanong'ona nyuma ya pazia. Sauti yake ilijaa furaha, maskini. "Amenyamaza. Umetaja nani? Rudia hilo jina."

Khisa alitaka kupiga kelele, usilirudie. Mdomo wake ukafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya mtu aliyebanwa koo.

"Sirengo anafungua lango. Anaingia. Mnafanya nini?"

Komeo la mlango likajivuta.

Lenyewe.

Mlango ukafunguka taratibu, ikaingia harufu ya mkonge uliolowa na moshi. Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini pale kizingitini, kwenye saruji aliyoipiga Jescah deki asubuhi, ukatokea unyayo wa tope jekundu. Vidole tu, bila kisigino. Kisha mwingine.

Unaelekea kwenye pazia.

Kipruto alikuwa amezoea msitu, chatu na majangili. Alisimama. "Mimi namzuia," akasema, na kete iliyokuwa mkononi mwake ikaanguka mezani.

Moja.

"Panga linampata Mwindaji wa Kipruto begani," mdomo wa Khisa ukasema.

Sikuona panga. Niliona shati la Kipruto likifunguka, na nyama chini ya shati ikifunguka, na mfupa mweupe, kabla damu haijakumbuka kutoka. Kisha ikakumbuka. Alianguka juu ya kiti, kiti kikavunjika.

"Nafunga mlango!" Beldina alilia, akiurukia mlango kwa mikono miwili. "Malkia Sindano anamfukuza, anafunga mlango!" Mguu wake uliigonga meza, kete ikabingirika.

Tatu.

"Mlango unafungika. Vidole vinabaki."

Mlango ulijipiga kwa kishindo. Beldina alirudi nyuma, akauangalia mkono wake wa kushoto kama anavyoangalia sindano iliyovunjika. Vidole viwili vilikuwa sakafuni. Kimoja bado kilikuwa na pete yake ya kushonea.

Nyayo hazikusimama. Pazia likaanza kupepea na hakukuwa na upepo. Jescah sasa alikuwa amejikunja pembeni ya kitanda, mtoto kifuani, akiita jina la Yesu, na mtoto... nilimwona mtoto kwa juu. Alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa akitazama pazia kama anayemngojea mtu wa kwao.

Khisa aling'ata ulimi. Aling'ata kwa meno yote, ili maneno yakatike. Damu ikamjaa kidevuni, na maneno yakaendelea kutoka pamoja na damu.

"Sirengo anafika kitandani. Ananyosha mkono. Mnafanya nini?"

Machozi yalikuwa ya Khisa. Mdomo ulikuwa wake. Kilichobaki hakikuwa chake. Akamgeukia Ochieng, na yule mtu aliyewasihi kila juma wafuate hadithi, macho yake sasa yalimwomba mwenzake jambo moja.

Iharibu.

Ochieng alikuwa amekauka kwenye kiti chake. Akalamba midomo. Akaiokota kete kwenye damu ya Kipruto, akaifuta kwa shati.

"Ngoja kwanza," akasema. "Jenerali Ugali anauliza... mgeni amekula?"

Mdomo wa Khisa ukasita.

"Jibu. Kanuni ni kanuni."

"Hajala."

"Aibu gani hii! Mtu ametoka mbali, ameingia kwa Waluhya, na hajala?" Alikuwa anaijenga hadithi yake, anaijenga. "Keti, mzee. Mtoto hakimbii. Jenerali anachinja kuku. Anasonga obusuma, ugali wa kwenu. Keti." Akarusha.

Kumi na nane.

Pazia likatulia. Kigoda kilichokuwa karibu na kitanda kikalia, kikazama kidogo kwenye mkeka, kama kimekaliwa.

"Ameketi," mdomo ukasema kwa chuki. "Anakula."

"Kula, kula. Na firigisi ni yako, wewe ndiye mkubwa hapa, mimi Mjaluo siwezi kukuibia heshima. Umeitia mdomoni? Haya. Unameza?"

Kigoda kikalia tena.



"Hamezi."

"Kwa nini, mzee? Haijaiva?"

"Kamba," mdomo ukasema.

Utani ukamtoka Ochieng usoni. Hakuwa amewahi kuambiwa habari za Sirengo. Lakini watu wa kamba hawako Lugari peke yake, na kwa Wajaluo pia mila ya kuwazika anaijua kila mtu.

"Ahaa," akasema kwa upole. "Kumbe ni wewe wa namna hiyo. Basi Jenerali anaikata kamba."

Kete ikazunguka, ikazunguka, ikatua. Ishirini.

Kitu kikaanguka sakafuni. Kizito. Kitanda changu kiliruka, vumbi likanidondokea kutoka kwenye mabati. Ochieng akafungua mshipi wake kiunoni, mshipi wa ngozi ya ng'ombe aliyemchinja mwenyewe.

"Na mtu wa kamba akishakatwa," akasema, "kinachofuata unakijua. Namchapa."

"Kila pigo litakurudia."

"Lirudi. Mimi ni mchinjaji."

Akachapa sakafu. Shati lake likapasuka mgongoni. Akachapa tena, mgongo ukapasuka. Chini palisikika mlio, si wa mtu, kama mti mkavu unaopasuliwa. Akachapa. Damu yake ilifika ukutani, na tone moja lilinirukia mimi shavuni, na lilikuwa la moto. Khisa alikuwa amepiga magoti, mdomo wake ukipiga kelele, "Acha! Acha! Acha!" na kichwa chake kikimtikisia Ochieng asiache. Hakuacha. Hata shingo yake ilipoanza kuvutwa juu, hata visigino vyake vilipoachana na sakafu, mkono ulishuka. Vidole vya miguu vikaelekea chini. Mkono ukashuka tena.

Kisha upepo ukang'oa bati moja, mvua ikamwagika ndani, taa ikazimika.

Giza.

Mwili ukaanguka.

Na gizani, mtoto akalia. Kilio cha kawaida, cha njaa, cha kuudhi. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Jescah alikuwa akitambaa sakafuni, akipapasa, mpaka akafika kwenye kifua kisichopumua. "Ochieng," aliita. "Shemeji. Ochieng!"

Mtoto akatulia kwa jina hilo.

Ndipo wakamwita hivyo. Kitoto cha Kibukusu, cha Lugari, kinaitwa kwa jina la Kijaluo, Ochieng. Khalayi aligoma mwanzoni, akaja akakubali, alipoambiwa ni jina gani lingine lilikuwa likingoja.

Waliokuja kuandika habari waliandika bati. Bati lililong'olewa na upepo lilimkata Kipruto bega na Beldina vidole, na waya wa kuanikia nguo ndio uliomkaba marehemu shingo. Juu ya mgongo wake hawakuandika kitu. Khisa hakupona vizuri ulimi, alisema kwa shida mpaka mwisho wake, na kete aliitupa kwenye choo cha shimo, nikimshuhudia.

Mtoto sasa ni mtu mzima. Nilimwona Lubao siku ya soko la ng'ombe, kijana mrefu, mtaratibu, akaninunulia chai. Ana desturi ya kuuliza kila mtu kama amekula. Mwenyewe kuku anakula, isipokuwa firigisi. Anasema humkwama kooni.

Yote niliyoyasema niliyaona. Kitu kimoja tu nimekitia mwenyewe, na nakitaja kwa kuwa mimi si mwongo. Ni kile kilio cha gizani. Jescah aliniomba nisimulie hivyo, ili mtu aliyekufa asionekane amekufa bure, na mimi ni nani nimkatalie mama. Jina la Ochieng walimpa tu, kwa kumpenda marehemu.

Mtoto hakulia gizani. Hakulia alipoota meno, wala alipotahiriwa, wala juzi walipomzika baba yake, na watu walimtazama. Tangu Khisa alipolitamka lile jina mezani, hajalia tena.